Ufunguo kwenye Koti

KAUTHAR: Haloo? Mzee Theodory? Shikamoo!

THEODORY: Marahaba. Nani mwenzangu? Paza sauti, basi linanguruma.

KAUTHAR: Kauthar! Wa duka la vyakula vya kuku, jengoni kwa Kheri. Basi la wapi tena?

THEODORY: La Mwazye. Kazi ya kutunza jengo la Kheri nimeacha.

KAUTHAR: Umeacha? Swala imekwisha zamani, maduka yamefunguliwa, umeme hamna! Kabati la swichi limefungwa—

THEODORY: Ngoja nijipapase. Lo! Ufunguo ninao. Kwenye koti.

KAUTHAR: Ya Rabi! Mayai yangu yamo kwenye mashine ya kutotolea!

THEODORY: Kheri je?

KAUTHAR: Hapatikani. Na Isdori mlinzi hataki kuvunja kufuli, anaogopa, anasema wewe umefukuzwa—

THEODORY: Sikufukuzwa mimi! Nilimwambia Kheri, umeme unaliwa na hita za vyumba vya juu, zinawaka kutwa, watu hawamo. Zima hizo. Yeye kila Ijumaa: "Shusha swichi zote, tunakwenda kuswali, bili ipumzike."

KAUTHAR: Mzee, toka saa sita, sasa saa tisa! Baridi lenyewe hili! Kuku wa mama wote wamekufa kwa ugonjwa wa kideri. Mbegu yake iliyobaki ni mayai haya arobaini. Yalikuwa yatotoe Jumapili.

THEODORY: Najua.

KAUTHAR: Mbona Ijumaa nyingine mashine yangu haizimiki?

THEODORY: [mtandao unakwaruza]

KAUTHAR: Mzee?

THEODORY: Swichi yako nilikuwa naiacha. Kheri hajui.

KAUTHAR: Na leo?

THEODORY: Leo kanitukana mbele ya wapangaji. Nikashusha zote, nikaondoka.

KAUTHAR: Na yangu pia!

THEODORY: Mwanangu, chemsha maji kwa mkaa, jaza chupa, zifunge matambara, zipange humo ndani. Mlango usiufungue-fungue. Konda! Shusha hapa!

KAUTHAR: Umefika wapi?

THEODORY: Tumeshapita Matai. Natafuta boda aurudishe huo ufunguo— chaji inakat—

KAUTHAR: Mzee? Haloo!

[Jumatatu]

THEODORY: Haloo. Mimi Theodory, natumia simu ya dada yangu Monika. Ufunguo ulifika?

KAUTHAR: Magharibi. Isdori alishavunja kufuli saa kumi. Kafukuzwa.

THEODORY: Mayai?

KAUTHAR: Yametotoa matatu. Kifaranga kimoja kimekufa jana.

THEODORY: Mama yako?

KAUTHAR: Anavilea viwili jikoni.

THEODORY: Na Kheri?

KAUTHAR: Katia kufuli jipya.

THEODORY: Zile hita za juu?

KAUTHAR: Zinawaka.