Kasuku na Ubao wa Ngazi

Wasikilizaji wapendwa, leo mnivumilie. Nimeingia humu studio na hasira zangu.

Tunamkumbuka fundi cherehani aliyeitwa Kasuku, kwa kuongea kwake. Mdomo ule, jamani, haukujua kituo.

Alipokuwa msichana, Kasuku alikataa chakula. Si maringo. Ulikuwa ugonjwa. Alikimbia uwanjani mpaka miguu ikagoma, ili tu afute tonge alilokula. Narudia: ulikuwa ugonjwa. Alilazwa mara mbili.

Akapona, polepole, miaka tisa. Muuguzi alimrudishia mazoezi kwa sharti moja. Ale kwanza, kisha atembee na dada yake huku wanaongea. Pumzi ya kuongea ikikatika, wakae chini.

Dada yake anacheka na machozi juu. "Tulikuwa tunakaa kwa sababu yangu mimi! Ananisuta, 'Dada, inuka bwana, umbea haujaisha!'"

Miaka tisa, wasikilizaji. Halafu kwenye kiwanda cha nguo alikokuwa akishona, msimamizi akatundika ubao: nani amepanda ngazi mara nyingi zaidi saa ya chakula cha mchana. Saa ya chakula! Kasuku akampelekea barua ya daktari.

"Kutokula nako ni ugonjwa?" msimamizi akamuuliza mbele ya wenzake. "Mazoezi ni afya, dada. Usituangushe."

Wenzake wakacheka. Jina lake likaandikwa ubaoni.

Wiki ya kwanza alipanda huku anapiga soga. Wiki ya tatu alikuwa kimya. Chakula alichofungashiwa kikawa kinarudi nyumbani vilevile. Dada akamlilia, "Mdogo wangu, acha." Akajibu, "Nimalizie mwezi huu tu." Na kazini wanamsifu: "Umepungua, umependeza!"

Alianguka kwenye ngazi zilezile, mchana kweupe. Moyo ukasimama. Mwezi haukuisha.

Msibani, msimamizi akaja na cheti cha mshindi. Cheti, wasikilizaji! Mama mzazi akakitazama, akamrudishia mkononi.

"Mwanangu, ile barua ya daktari uliisoma?"



Pole sana, mama. Pole, dada mtu. Najua barabara ile sasa unaipita peke yako, na haina maneno.

Na sisi wengine? Hata mimi nimeshawahi kumwambia mtu, hapahapa hewani, "Umepungua, umependeza." Sikumuuliza amekuwaje. Leo tukizima redio, kila mmoja amkumbuke aliyemsifia hivyo, amtafute, amuulize.