Majoho ya Kwaya

Muuguzi aliyetoka zamu husinzia hata kanisani, lakini leo ndani ya basi usingizi ulimruka. Kwenye kiti cha mbele yake, fundi cherehani mwenye furushi mapajani alikuwa akimlalamikia shoga yake.

"Siri ya binti yangu nilimpa mchungaji tukiwa wawili tu, aniombee. Jumapili akaifanya mfano wa mahubiri! Jina hakutaja, ila kanisa zima liligeuka kunitazama."

"Si alikuja kukuomba radhi?"

"Alikuja, akalia mpaka chai ikapoa. Kila siku namwomba Mungu anisaidie kumsamehe. Moyo bado hautaki."

"Sasa hayo majoho ya kwaya umeyashona ya nini, na ulisema hukanyagi tena kule?"

Basi likasimama. Fundi akainuka, akalikumbatia furushi lake.

"Kwani kanisa ni la kwake?"