Faraji Alikuwa Amefunga: Risala ya Mafundi wa Tairi, Kaloleni

Mgeni rasmi, Mzee Gordon Ogola, mwenyekiti wa wachukuzi wa miwa. Naibu wa chifu. Dereva Absalom, ambaye tunafurahi kumwona amekuja kwa miguu yake, hata kama mmoja bado uko ndani ya plasta. Majirani wa Kaloleni na wageni kutoka Nyalenda: hamjambo nyote.

KARIBU

Mzee, karibu katika banda letu jipya. Mabati uliyotupa ndiyo hayo juu ya kichwa chako, na mvua ya juzi hayakuvuja.

Risala hii tumeitunga sote, na anayeisoma ni Milka, mwekahazina na mpika chai wetu. Ukisikia Milka anatajwa humu kama mtu wa mbali, usishangae, ni huyu huyu. Tulitaka asome mwingine. Yeye akakataa katakata.

TULIKOTOKA

Tulianza wakati tairi kwetu ilikuwa tairi tu. Ikiingia kwenye rimu tunajaza upepo, tunamshukuru Mungu, tunamwita mwenyewe. Mkulima mmoja wa Kibos alituletea trela, tukaivika tairi za pikapu. Zilienea, tena zikapendeza. Alipopakia miwa zilipasuka zote mbili kabla hajavuka reli, nasi tukabaki tunaulizana nani amezipasua.

TUNACHOKIJUA SASA

Leo hatuchagui tairi kwa macho. Tunasoma ubavuni saizi yake na uzito inaoweza kubeba, tunauliza trela itapakia nini, na tairi za ekseli moja lazima zilingane, siyo moja mpya na mwenzake kipara. Rimu tunaipima, mashimo yake yakubaliane na studi za ekseli bila kugongwa nyundo. Nati huelekeza upande wake uliochongoka kwenye rimu. Kwanza tunazizungusha kwa vidole, halafu tunazikaza kidogo kwa kuruka, hii na ile inayoikabili. Trela ikishateremshwa kutoka kwenye jeki ndipo zinakazwa kwa nguvu za mwisho, kwa wilspana iliyovishwa bomba refu. Na mwenye trela akishatembea kidogo na mzigo, tunamtaka arudi zikaguliwe tena.

Utaona tumesema “kukaza”. Zamani tulisema “kufunga”. Neno hilo tumelipiga marufuku hapa bandani, ingawa juzi mteja alisema “nifungieni gurudumu” na sote tukamtazama tu, hakuna aliyejua ashike nini.

MATATIZO

Mzee, siku ile ya trela yako sote tunaikumbuka, lakini kila mtu anaikumbuka kivyake. Tukaamua tufuate kumbukumbu ya Milka, kwa sababu yeye ndiye aliyejibu.

Ilikuwa Ramadhani hii hii. Fundi wetu Faraji alikuwa ameshazikaza nati kidogo na kuteremsha trela, umebaki ule mkazo wa mwisho. Bomba la wilspana lilikuwa limeazimwa na jirani. Obiero, mwenyekiti wetu, akaenda kulifuata, na Faraji akaenda msikitini kuswali alasiri ili arudi amalizie. Milka akabaki na birika. Alikuwa anafikiria vikombe, maana kila siku alijisahau akammiminia Faraji chai, halafu akaona haya.

Ndipo ulipofika na Absalom na trekta, una haraka, miwa inakauka shambani. Milka akakupa chai. Ukanywa umesimama. Kikombe kimoja kilikuwa kimebaki kwenye sinia, na Milka aliona ukikitazama. Wewe unasema ulikuwa unatazama trela nyuma yake. Huenda.

Ukauliza, “Mama, Faraji amefunga?”

Milka akafikiri: mzee huyu ana adabu, anauliza habari za saumu ya watu. Akajibu, “Eee, amefunga.”

“Amefunga kabisa?”

“Kabisa, mzee. Huyo hachezi na hiyo kitu.”

Ukashukuru kwa Kijaluo, “Erokamano,” ukamwambia Absalom aunganishe trela. Milka alipoona trela inaondoka, alidhani Obiero na Faraji wameshamaliza kazi yao bila yeye kuona, maana mwenye mali ndiye anayeichukua. Akaosha vikombe. Faraji aliporudi akauliza trela iko wapi, naye akamwambia, “Si imeenda? Mwenyewe amekuja.” Faraji akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Gurudumu lilitoka njiani, trela ikalala na miwa yake, na Absalom akavunjika mguu. Pole, Absalom. Tumekupa pole nyingi, na bado hazitoshi.

Ukapeleka malalamiko polisi, Faraji akakamatwa, na kituoni akaulizwa, “Siku hiyo ulifunga?” Akajibu, “Nilifunga, afande. Sijakosa hata siku moja.” Basi ikachukuliwa kwamba amekiri: alifunga nati, akafunga vibaya, mtu akaumia. Tukaenda kumtetea. Obiero ndiye aliyetangulia kusema.

“Afande, huyu hakufunga. Alikuwa amefunga.”

“Alifunga ama hakufunga?”

“Yote mbili, afande.”

“Mnanichezea? Mkiendelea hivi nitawafunga nyinyi wote.”

Tukarudi nyumbani. Njiani tulibishana hadi sisi wenyewe hatukujua tena tulikuwa tunasema nini. Milka hakubishana. Alikuwa analia, na anajiuliza mpaka leo: mtu akijibu ukweli kwa swali ambalo hakuulizwa, amesema uongo? Ameuliza kanisani, ameuliza na kwa Zamzam, mke wa Faraji, na bado anauliza.

MAOMBI

Tunaomba bomba la wilspana, liwe letu, lisiazimwe.

Ombi la pili ndilo tulilokuitia, Mzee, na utusamehe kwa kulificha nyuma ya ufunguzi wa banda. Wewe ndiye mlalamikaji, na wewe ndiye uliyeuliza swali. Hatusemi una kosa. Milka naye hatumwoni na kosa, wala Faraji. Au labda sote tunalo kidogo, hatujui. Tunajua tu kwamba Faraji hakuwahi kumaliza trela ile, na hakumwambia mtu yeyote kwamba amemaliza. Sisi tukienda kituoni neno lile linatuponyoka tena. Wewe watakusikiliza. Nenda ukawaambie ulichouliza na ulichojibiwa, na kwamba mama aliyekujibu alikuwa anafikiria chai.

Zamzam amekuwa akipeleka futari kituoni kila jioni. Mwezi ukiandama leo, kesho ni Idi, na Faraji yuko ndani.

Chakula unachokisikia kikinukia ni samaki wetu wa ziwani, ngege, na kuku, na sahani yako iko tayari. Kula, Mzee, wewe ni mgeni wetu. Ila utakula peke yako. Tangu alfajiri kikundi kizima, Waislamu na Wakristo, tumefunga, na safari hii tunasema saumu. Tutafungua Faraji atakapofunguliwa.

Mungu akulinde barabarani, alinde na magurudumu yote yanayobeba watu na miwa ya pwani hii ya ziwa.

Ni sisi,
Kikundi cha Mafundi wa Tairi na Trela, Kaloleni, Kisumu.