Mama Pasi na Dawa ya Kutolea Madoa

Ndugu, jirani na marafiki, mimi ni mdogo wa marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pasi.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa wa pili kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi ya hapa mtaani hadi alipohitimu mwaka 1983, na mwalimu wake wa darasa alimwandikia kwamba ana akili ila mdomo hautulii, sifa ambayo dada alijivunia maisha yake yote.

Julai 1988 aliajiriwa katika duka la kufua suti na makoti kwa dawa, chumba chenye mashine mbili, meza ya pasi, na dirisha moja lililopigiliwa misumari ili vumbi lisiingie, na humo alifanya kazi miaka ishirini na nane, akivuta mvuke wa dawa ya kutolea madoa, harufu tamu inayopanda kichwani kama pombe, bila kinga yoyote isipokuwa kitambaa alichojifunga puani. Kila alipolalamika kizunguzungu, bosi alimwambia anywe maziwa. Bosi mwenyewe ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Tarehe 6 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi baiskeli, mtu mpole aliyezoea kututania kwamba ameoa suti, kwa jinsi mkewe alivyonukia dawa hata Jumapili, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, wote wapo hapa.

Mwaka 2016 maji ya kisima cha nyuma ya duka yalianza kunuka dawa, kwa sababu masalia ya mashine yalikuwa yakimwagwa mtaroni, na dada, alipotumwa tena kuyamwaga, aliweka ndoo chini akakataa. "Mwaga tu," bosi akamwambia, "ardhi inakunywa." Dada akachota jagi la maji kisimani, akavuka barabara, akamjazia glasi mbele ya wateja wake, akasema, "Haya, bosi, na wewe kunywa." Huyu bwana mkubwa, asiyeogopa chochote, aliiogopa glasi ya maji, na kesho yake akamfukuza kazi.

Dada hakunyamaza, alipita nyumba kwa nyumba kuwasihi wapangaji wasichote pale, na baadhi yenu, msiinamishe vichwa, mlimwita kichaa, mkaendelea kuwapikia watoto wenu kwa maji yale yale, hadi Septemba 2018 mlipochoka kuumwa matumbo mkakifunika kisima kwa zege.

Februari 2022 miguu ilianza kumvimba, figo zikagundulika zimeharibika, na daktari, ambaye hakutaka kuapa kuhusu chanzo, alimwuliza kazi aliyokuwa akifanya, akajibiwa, akaweka kalamu chini. Dada alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa nane mchana, akiwa ameshikwa mkono na binti yake mkubwa.

Jana bosi alileta shada kubwa kuliko jeneza, akaninong'oneza, "Kaka, mambo ya dawa tuyaache, si vizuri kumsema marehemu." Bosi, marehemu simsemi. Ninayemsema yu hai, amekaa kiti cha mbele, amevaa miwani ya jua kivulini. Shada lako liko nje, karibu na mtaro, ardhi italinywa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumkaripia, majirani waliopika na kulala nasi msibani, na wale wafanyakazi wenzake wawili ambao asubuhi hii, bila kuomba ruhusa ya mtu, walizima mashine zote mbili, wakafunga duka, wakaja kumzika.

Lala salama, dada yangu, umesema ya kutosha, sasa tutasema sisi.