Sentensi ya Kreni

Dada: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Mdogo: Mimi, dada. Simu yangu imezima chaji, nimeazima ya jamaa anayetupigia ishara. Shikamoo.

Dada: Marahaba, mdogo wangu. Mbona kelele hivyo, uko—

Mdogo: Niko chini ya kreni, tumepumzika. Mama anakusalimu. Kidogo.

Dada: Kidogo?

Mdogo: Ndivyo alivyosema. "Msalimie, lakini kidogo."

Dada: Kurasa za kamusi yetu ya Kiingereza nilizokutumia, umezipitia?

Mdogo: Jana mama alinikuta nazisoma simuni, akataka nimsomee kwa sauti. Eti mwanawe anaandika kamusi naye, mama mtu, hajui hata neno moja lililomo. Nikasoma. "Crane", maana ya kwanza, korongo, ndege mwenye shingo ndefu. Akacheka. Ya pili, kunyoosha shingo ili uone. Akainyoosha yake, tukacheka wote. Ya tatu—

Dada: Mashine. Waingereza waliipa jina la ndege kwa sababu ya ile shingo. Wagiriki wa kale nao walifanya vivyo hivyo, neno moja kwa ndege na kwa mashine. Hata "pedigree", neno la Waingereza la nasaba, limetoka kwenye unyayo wa korongo, Kifaransa cha zamani. Alama ya matawi ya ukoo—

Mdogo: Dada.

Dada: —ilifanana na vidole vyake.

Mdogo: Dada! Ule mfano chini ya maana ya tatu. "Kreni iliyoanguka ilikuwa ikiendeshwa na mlevi."

(mtandao unakwaruza)

Mdogo: Unanisikia?

Dada: Nakusikia. Sentensi haimtaji mtu.

Mdogo: Mama hakuhitaji kutajiwa. Alinyanyuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Dada: Baba hakuwa mlevi. Hilo nalijua.

Mdogo: Unalijua!

Dada: Ardhi ilititia kwa mvua, msimamizi akamlazimisha anyanyue mzigo. Kreni ikaanguka ikamlalia, akafa. Yote nayajua.

Mdogo: Sasa kama unayajua, umeandikaje vile?

Dada: Sikuandika, nimenukuu. Kamusi yetu haitungi mifano. Kila maana lazima iwe na sentensi iliyokwisha kuchapishwa mahali, na katika mkusanyo wetu wa maandishi, sentensi ya mashine ni hiyo moja tu.

Mdogo: Nani alitunga sheria ya kipuuzi namna hiyo?

Dada: Mimi. Kwa sababu ya gazeti lile lililomwita baba mlevi. Niliapa sitaandika jambo lisilo na ushahidi.

Mdogo: Na ushahidi wako ni gazeti lile lile. Hongera. Kweli kusoma si mchezo.

Dada: Usinikejeli.

Mdogo: Nani anamkejeli nani? Mimi kila asubuhi napanda huko juu, wenzangu wananiita Mwana wa Chupa. Nimezoea, wale ni wahuni wa saiti. Lakini wewe? Tumbo moja na mimi?

Dada: Kurasa zinakwenda kwa mchapaji leo jioni. Sema unachotaka.

Mdogo: Weka sentensi nyingine. Baba mwenyewe alikuwa akisema, "Kreni haina haraka, mwenye haraka ni mwenye mzigo." Hiyo si ina kreni ndani?

Dada: Inayo. Nzuri.

Mdogo: Basi iweke.

Dada: Imechapishwa wapi?

Mdogo: Imechapi— dada, alituambia tukiwa tunakula! Ulikuwepo!

Dada: Nikiweka ya baba yangu, kesho kila mhariri aliye chini yangu ataleta ya baba yake.

Mdogo: Na wao baba zao walitukanwa gazetini wakiwa kaburini?

(karatasi zinapekuliwa)

Dada: Njia ipo moja. Maana isiyo na mfano huondolewa. Naweza kuifuta ya tatu.

Mdogo: Sentensi?

Dada: Maana nzima. Mashine, Wagiriki, vyote. Abaki korongo na kunyoosha shingo.

Mdogo: Yaani mtu afungue kamusi aone kreni haipo duniani? Na kazi ninayoifanya mimi—

Dada: Haitakuwemo.

Mdogo: Ya baba je?

Dada: Wala ya baba. Chagua.

Mdogo: Nichague mimi? Mwenye kalamu si wewe?

Dada: Nikichagua mimi, nitafuata sheria. Ndiyo maana nakuuliza.

Mdogo: Sikiliza, filimbi hiyo, wananiita. Salio la watu nalo—

Dada: Chagua, mdogo wangu.

Mdogo: Ungekuja nyumbani ukamtazama mama usoni, usingeniuliza.

Dada: Ndiyo au hapana?

(upepo kwenye simu)

Mdogo: Futa.

Dada: Yote?

Mdogo: Yote. Heri kutokuwepo.

Dada: Nafuta... Basi. Imetoka.

Mdogo: Mama akiuliza kama ule uongo umeondoka, nimjibu nini?

Dada: Mwambie umeondoka. Na sisi tumeondoka nao.

Mdogo: Hilo utamwambia mwenyewe. Haya, napanda. Kwa he—

Dada: Haloo? ... Haloo?