Leo Mama Kaa Kwanza Hashiki Waya

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi mkuu wetu wa runinga na spika anastaafu. Jina lake la kwenye faili wengi tumelisahau. Kwetu sisi na kwa wateja, yeye ni Mama Kaa Kwanza.

Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Akiingia nyumba ya mteja huvua viatu, huweka begi la vifaa chini, na kabla ya kugusa kebo yoyote humwambia mwenye nyumba, "Kaa kwanza." Mteja hubaki ameduwaa. Amemngoja fundi tangu asubuhi, halafu anaambiwa akae! Kumbe Mama anataka kuona mtu huyo hukaa wapi anapotazama runinga, ndipo ajue spika zielekee wapi. "Spika tunazifunga kwa ajili ya masikio," hutukumbusha, "si kwa ajili ya ukuta."

Alianza kazi enzi za runinga zenye chogo, zilizobebwa na watu wawili huku wa tatu akitoa amri. Kompyuta za sebuleni, za kuunganishwa na runinga, zilipoingia, wengi tulikunja uso. Yeye aliibeba moja hadi kwake, akaiunganisha na kuichomoa wiki nzima, mpaka mumewe akaomba kwa adabu arudishiwe taarifa ya habari.

Hatusahau nyumba ya muuza magodoro. Mafundi wawili, ambao heshima yao tunaihifadhi, walihangaika kutwa. Picha safi, sauti hamna. Walibadilisha kebo, wakafungua spika, wakaanza kukilaumu kiwanda. Mama alifika, akaketi kwenye kochi, akatega sikio. Kisha akainuka, akaenda chumba cha wageni na kufungua kabati. Chini ya mashuka, kispika kisichotumia waya kilikuwa kinatangaza mpira peke yake. Kompyuta ya sebuleni ilikuwa inakipelekea sauti yote. "Sauti haikupotea," alisema, "imekosea chumba tu."

Hajawahi kuacha nyumba ikiwa bubu. Umeme ukikatika, hurudi kesho. Mteja akikata tamaa, yeye hakati. Ukaidi huo ametuambukiza sote, na leo tunautumia dhidi yake.

Binti yake ni nesi, anafanya kazi mbali, na amenyimwa ruhusa ya kuja. Tumekubaliana atamuaga mama yake kupitia runinga iliyo mbele ya ukumbi huu wa sherehe. Tumeunganisha kompyuta na spika wenyewe. Tumejaribu: uso wa binti umejaa kioo kizima, midomo inacheza, sauti kimya. Kijitabu hiki cha ratiba ya sherehe kinakwenda kuchapwa sasa hivi, na sauti bado tunaitafuta. Hakuna aliyempigia Mama simu, na atakayethubutu atatueleza vizuri.

Kwa hiyo, Mama, tunakushukuru kwa kila kitu, ila tuna ombi moja. Ukiona binti yako anaongea na humsikii, usiinuke. Usivue viatu. Usiulize begi liko wapi. Tutapekua kila kabati la jengo hili, na sauti yake itakufikia hapo ulipo, kwa sababu spika zote tumezielekeza kwenye kiti chako.

Tunakutakia mapumziko marefu, afya tele na nyumba yenye sauti za wanao.

Zamu yako imefika, Mama. Kaa kwanza.