Sekunde ya Odile

Benchi letu liko nje ya mkahawa wa kona, jirani na chumba cha saa pale Paris tulikofanya kazi hadi tukastaafu. Kazi yenyewe ilikuwa kuisubiri dunia. Dunia inazunguka kwa kuchechemea, saa zetu za atomu hazichechemei, kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa, mwisho wa Juni au wa Desemba, iliongezwa sekunde moja kwenye saa ili dunia itufikie. Kila ilipoongezwa tulikutana hapa, hata wastaafu, na Odile, mwenzetu wa zamani, alikuja kwa treni kutoka mji wa Brest na chupa ya pombe ya tufaha. Mara ya mwisho ilikuwa mwisho wa mwaka 2016. Tangu hapo dunia imekaza mwendo, na sasa mataifa yamekubaliana kuachana na mchezo huo. Lucien, tunayemwita Bwana Harusi kwa ajili ya huyo Odile, siku hizi anakunywa kahawa kama anakunywa dawa.

— Ni hawa watu wa kompyuta, alisema Nati, fundi wetu wa zamani. Sekunde moja inawavurugia mitambo, wakawanunua wakubwa.

— Acha fiksi, alijibu Barafu, ambaye kila kitu hukisingizia barafu. Barafu ya ncha za dunia inayeyuka, maji yanakimbilia katikati, dunia inaota kitambi. Mwenye kitambi atakimbia mpaka lini? Sekunde itarudi.

— Hairudi. Wameifungia stoo, wanawauzia matajiri wanaoogopa kufa.

Nikawaambia kwamba mwendo ukizidi, huenda ikapunguzwa sekunde badala ya kuongezwa. Lucien akainua uso.

— Ikipunguzwa, Odile atakuja?

Barafu akasema atakuja. Nati akasema kupunguza ni msiba, hakuna anayepanda treni kwa ajili hiyo. Walibishana hadi mwanamke aliyevaa koti jeusi aliposimama mbele yetu, akamuulizia Lucien. Alikuwa Maëlle, binti wa Odile. Walimzika mama yake Jumanne. Akaweka chupa juu ya benchi.

— Kila Juni na kila Desemba mama aliiandaa. Alisema mnasubiri sekunde.

Akatutazama mmoja mmoja, bila hasira.

— Treni ya Brest ipo kila siku, wazee wangu. Kwa nini hamkukutana tu?

Nati, mwenye jibu la kila kitu, akaanza kufuta benchi kwa kiganja ili binti akae. Mhudumu akaja kuuliza kama atuongeze kahawa, na Lucien akamwomba glasi tano.